Vijiji vya Japani vinaingiza wageni wanalala majumbani, sisi Newala na Mikindani tunakwama wapi?

Mjukuu_wa_Newala:

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mi naishi Mtwara mjini ila kwetu Newala, kijiji nisikitaje maana ndugu wako humu ndani. Nyumba ya bibi imefungwa toka alivyofariki, wajomba wote wako Dar, mmoja Mbagala mwingine Gongo la Mboto, funguo iko kwa jirani anaingia kufagia mavi ya popo basi. Na sio ya kwetu tu, ukitembea ile njia ya kwenda kisimani unakuta nyumba nzuri kabisa ya bati na ukuta wa tofali, dirisha zimepigiliwa mbao, ukiuliza unaambiwa mwenyewe yuko Kariakoo.

Sasa wiki iliyopita nimekesha nasoma habari za Japani nikabaki mdomo wazi. Wenzetu kwa hesabu ya 2023 wana nyumba tupu milioni 9, yani katika kila nyumba 100 karibu 14 hazina mtu, vijana wote wamekimbilia Tokyo na Osaka vijijini wamebaki wazee. Kuna bonde linaitwa Iya, kisiwa cha Shikoku, huko kuna kijiji Nagoro shule yake ya msingi ilifungwa 2012, mama mmoja akaanza kushona midoli saizi ya mtu mzima anaivalisha nguo anaiweka kituo cha basi, shambani, mingine imekaa darasani kama wanafunzi, sa hivi midoli ni mingi kuliko watu. Watalii wanapanda milima kwenda kuangalia midoli jamani! Na bonde hilohilo kuna nyumba za zamani zimeezekwa nyasi, kuna Mmarekani mmoja Alex Kerr alinunua moja 1973 akiwa bado kijana tu ikiwa imeachwa, akaikarabati, leo nyumba za namna hiyo ndo wageni wanazigombania, wanakaa kuzunguka moto katikati ya sebule, wanalala kwenye mkeka, wanalipa hela ndefu.

Moto sebuleni na mkeka! Vitu ambavyo sisi tumevikimbia.

Nikajiuliza kwani bibi yangu alikuwa hana nini. Tuna Shimo la Mungu pale, unasimama ukingoni unaiona Ruvuma yote chini na Msumbiji ng'ambo, tuna wachonga vinyago, tuna ngoma ya sindimba, tuna ming'oko, vile viazi vya porini, ambayo sijaiona mkoa mwingine ikiuzwa kama kwetu. Naomba maoni ya watu waliowahi kuona mambo haya kwa macho au wanaofanya kazi na wageni, nikifungua ile nyumba watu wakawa wanakuja kuishi kijijini siku mbili tatu hii kitu inalipa au najidanganya? Na kijiji kitapata nini, maana sitaki ionekane nimejenga kajigesti kangu.

---

Kusini_Kavu:

Mkuu hongera kwa kuwaza ila ngoja nikumwagie maji kidogo. Japani 2024 iliingiza wageni karibu milioni 37, sasa hata asilimia moja tu wakiamua kupotea njia wakaenda vijijini hao ni laki tatu na kitu. Sisi mgeni akishuka Dar anaunga Zanzibar au anaunga Arusha, kusini anapasikia kwenye habari za gesi na korosho. Mjapani anapanda treni inayofika kwa dakika iliyoandikwa, anashuka anakuta basi dogo linamsubiri. Wewe mgeni wako atoke Dar na basi alfajiri afike Mtwara jioni kisha kesho atafute gari ya Newala, akifika amechoka hataki hata kuliona hilo Shimo.

Halafu mfano tunao hapahapa Lindi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye urithi wa dunia toka 1981, msikiti mkuu upo, Husuni Kubwa ipo, mji uliokuwa unashika biashara ya dhahabu ya Sofala, msafiri Mwarabu wa zamani Ibn Battuta alipita pale 1331 akausifia. Nenda leo Kilwa Masoko uulize mashua ngapi zimevuka na wageni. Na dinosaria wetu wa Tendaguru walichimbwa kuanzia 1909 mpaka 1913 wakapelekwa Berlin, mtu anapanda ndege kuwaangalia Ujerumani, Tendaguru kwenyewe hakuna hata choo. Kama hayo hayajaleta watu, nyumba ya bibi yako Newala ataijia nani?

Na maji je? Umesahau kwenu maji ni ishu?

---

BintiMikindani:

Kaka Kusini_Kavu umeongea ukweli nusu. Mi nafanya kazi sehemu ya wageni huku Mikindani, sitaitaja, na wageni wanakuja, tena wengine wanakaa wiki nzima. Wapo wanaokuja kuzamia, mwezi wa nane mpaka wa kumi wanakuja kuangalia nyangumi, wapo walimu wa kujitolea, wapo wa kwenye miradi ya gesi na mashirika ambao wikiendi hawana pa kwenda. Ishu yetu sio kwamba hawaji, ishu wakija hatuna cha kuwauzia. Kila asubuhi naulizwa swali lilelile, leo tufanye nini? Nawaambia tembeeni mji wa zamani, wanaenda, wanapiga picha milango, wanapanda Boma la Wajerumani la 1895, wanasoma kibao cha Livingstone kuwa alianzia hapa 1866, saa moja na nusu wamesharudi wanaomba nywila ya waifai.

Siku moja dada mmoja mgeni akaniambia hataki kuona majengo tena anataka kuona watu wanaishije, nikampeleka kwa mama yangu tu, sikuwa na mpango wowote. Mama alikuwa anapika samaki wa nazi na ugali wa muhogo. Akampa mbuzi akune nazi. Yule dada alikaa juu ya mbuzi kama anapanda baiskeli, mama akamtoa akamkalisha upya, akaanza kukuna anakata vidole, nazi inatoka mapande mapande, majirani wakajaa mlangoni wanacheka, mama anamwambia zungusha mwanangu zungusha usiikandamize, hawaelewani lugha hata kidogo ila anaelewa. Akachuja tui mwenyewe, la kwanza na la pili, akala kwa mkono mpaka akalamba. Alikaa toka saa nne asubuhi mpaka alasiri. Mtu ambaye magofu yalimshinda dakika ishirini!

Sasa kasheshe ikaja mwisho, anauliza nadaiwa bei gani, mama anang'aka, hela ya nini, we mgeni wangu, kwetu mgeni halipi chakula. Nikambembeleza pembeni akakataa katakata, yule dada naye anajisikia vibaya, mwisho kaacha hela chini ya kawa. Navyoona mi hapo ndo pagumu kuliko barabara. Mama zetu wanaona aibu kutaja bei, halafu ikitokea wa kutaja bei anakuwa kijana wa kijiweni ambaye hajapika wala hajaosha sufuria na hela anaondoka nayo yeye.

---

Mkulima_Mseto:

Wadau salama. Nimeuona huu uzi nikasema lazima niandike, samahani itakuwa ndefu. Mi nilipata kozi ya kilimo Japani, tulipelekwa mkoa wa Oita kisiwa cha Kyushu, ndo mkoa ulioanzisha ile habari ya kijiji kimoja zao moja mwaka 1979 chini ya gavana Hiramatsu, mpango ambao baadae ulikuja hadi Afrika. Kuna sehemu huko inaitwa Ajimu, wakulima wa zabibu. Miaka ya 90 soko lilivyokuwa bovu wakajiunga, 1996 wakaanza kukaribisha watu wa mjini kulala kwenye nyumba zao za kawaida, hakuna aliyejenga hoteli. Unalala chumba alichokuwa analala mtoto wao aliyehamia Fukuoka, medali zake za shule bado ziko ukutani.

Nikuambie kilichonivutia mkuu Mjukuu, maana kinajibu na la mama wa Mikindani. Wana msemo wao kwamba ukilala mara moja wewe ni ndugu wa mbali, ukilala mara kumi wewe ni ndugu wa damu. Na wanakupa kadi inapigwa muhuri kila ukija! Ile aibu ya kumdai mgeni wakaimaliza hivo, mgeni anakuja kama ndugu ila ndugu anayechangia, bei inajulikana mapema na inakusanywa na chama, bibi mwenye nyumba hagusi mazungumzo ya hela kabisa. Mgeni akiondoka anaondoka kwa kupungiana mikono tu. Huyo mama yako Binti angefaa sana huko.

La pili ni sheria. Mwanzo serikali yao ilikuwa inawabana, ukilaza mtu kwa hela wewe ni hoteli, unatakiwa uwe na jiko la biashara mbali na jiko la nyumbani, mkulima gani ataweza? 2002 mkoa wa Oita ukalegeza, ukasema kama mgeni anapika pamoja na mwenyeji hiyo sio mgahawa, ni mafunzo. Kwa hiyo mgeni anashika kisu, anamenya, anakoroga, sheria inatulia na mgeni ndo kwanza anafurahi. Kitu kilichoanza kama ujanja wa kukwepa gharama ya jiko kikaja kuwa ndo bidhaa yenyewe.

Na ratiba ya siku ni ya mwenyeji. Sisi tulivyofika yule mzee alikuwa anafunga mifuko ya karatasi kwenye vichala vya zabibu, kila kichala mfuko wake, hakusema karibuni chai kwanza wala hatukuchezewa ngoma, alitupa mifuko na vizibo akatuonyesha mara moja akaendelea. Tulifunga mpaka shingo zikauma. Jioni ndo tukaoga tukala. Hakuna aliyeigiza kitu. Kesho yake angekuwa anafunga ileile hata tusingekuwepo.

Hapo ndo nnapoona tofauti na vikundi vyetu vingi vya utamaduni, sisi mgeni akija tunasimamisha maisha, tunavaa sare tunacheza sindimba saa nne asubuhi juani, mgeni anapiga makofi anaondoka. Mgeni wa sindimba anakaa saa moja, anayebangua korosho anakaa siku mbili.

---

Mjukuu_wa_Newala:

Mkulima_Mseto Mungu akubariki, hiyo ya kupika pamoja nimeipenda mno. Ila Kusini_Kavu swali la maji nimelipokea, kweli kwetu juu huku nyumba nyingi zinategemea kisima cha kuvuna maji ya mvua, ya bibi ipo ya saruji chini ya michirizi ya bati, ikifika mwezi wa tisa inakuwa chini sana. Naomba mwenye uzoefu aniambie mgeni wa kizungu anaoga ndoo moja au ndo anataka bomba la mvua.

---

Babu_Mstaafu:

Wanangu hamjambo. Mimi nimestaafu chama cha msingi cha korosho, naandika kwa kidole kimoja mnivumilie.

Jambo zuri mnalizungumza lakini mmeruka kipengele. Mnataja vinyago na ngoma, hamjataja unyago na jando, na najua mgeni wa kwanza tu ataomba kuona unyago. Zamani kidogo walikuja watu na kamera kijiji cha jirani yetu, wakaongea na kijana mmoja wakampa hela, wakapiga picha wali, yani wasichana waliofundwa, wanatoka ndani, wakapiga mapiko, wale wachezaji wa vinyago, wanavaa. Wakaondoka. Kinamama walilia, makungwi walikuja juu, yule kijana alihama. Hela yenyewe haikununua hata gunia la mahindi. Lipiko anavaliwa porini, mwanamke na asiyepitia jando hatakiwi kujua nani yumo ndani, leo ukimpeleka mgeni kuona mtu anavyofungwa kinyago umeuza nini na umebaki na nini? Kucheza hadharani siku ya sherehe mgeni aone kama watu wote wanavyoona, sawa. Nyuma ya pazia hapana, hata alipe dola mia.

Jambo lingine ni ardhi. Mwanangu uliyekwenda Japani labda utueleze, wenzetu hawakuuza? Maana huku tumeona, mtu anakuja kwa jina la utalii anataka eneo pembeni ya bahari, mwenyekiti anasaini, mwaka unaofuata watoto wanazuiwa kupita kwenda kuvua chaza.

Halafu msimu. Oktoba mpaka mwishoni mwa mwaka ni korosho, watu wako shambani na kwenye maghala wanasubiri mnada, hakuna mwenye muda na mgeni ambaye haokoti. Mwezi wa sita na wa saba watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi la manjano hilo mgeni litamtoa machozi. Kalenda ipangwe na wakulima sio na mwenye kompyuta.

---

Mkulima_Mseto:

Shikamoo babu. Swali lako la ardhi ni la maana sana na jibu lipo. Kuna kijiji kinaitwa Shirakawa-go, milimani, nyumba zake paa limesimama kama mikono ya mtu anayeomba dua, theluji isikae. Mwaka 1971 wanakijiji wenyewe waliandikiana mambo matatu, nyumba haiuzwi, haipangishwi, haibomolewi. Shamba na msitu vilevile. Miaka 24 baadae, 1995, UNESCO wakaja wakakuta nyumba bado zipo na watu bado wamo. Na paa likichoka kijiji kizima kinapanda juu kuezeka kwa siku moja au mbili, leo kwako kesho kwangu, ujima wa kwetu uleule ambao sa hivi ukimwita mtu anauliza posho.

Ila nisiwapambie, hukohuko Shirakawa-go nako wamekiona. Wakazi kama 1,600, wageni zaidi ya milioni moja kwa mwaka, wengi wanashuka kwenye basi wanapiga picha masaa mawili wanapanda. Wengine wanafungua milango ya watu wanachungulia wakidhani ni makumbusho. Zile usiku wanazowasha taa kwenye theluji ikabidi kuanzia 2019 mtu asiingie bila kubuki. Kwa hiyo babu, kuweka kikomo mapema ni kazi ya kijiji, ukisubiri wajae ndo uanze kuzuia umechelewa.

---

Kusini_Kavu:

Sawa nimewasikia na ya mama wa Mikindani imenifurahisha, lakini mbona hamsemi upande wa pili? Huo utalii wa Japani umerudisha vijana? Nagoro shule haijafunguliwa. Hao wakulima wa Ajimu na wao wanazeeka, bibi akifika miaka themanini hawezi kutandika vitanda vya wageni, anafunga. Serikali yao toka 2009 inalipa watu wa mjini mshahara mpaka miaka mitatu wahamie vijijini wafanye kazi za kijiji, wanaobaki baada ya hapo ni zaidi ya nusu, safi, lakini hiyo ni serikali yenye hela. Kwetu nani atakulipa mshahara urudi Newala?

Na kitu kingine, wao tatizo lao watu wameisha. Sisi watu tunao! Watoto wamejaa, tatizo letu hela haizunguki na kijana anaona bora akatembeze mitumba Kariakoo. Dawa ya mgonjwa mwingine msinywe nyie.

---

Mkulima_Mseto:

Umegonga hapo, tena mimi naona ndo tunawazidi. Mjapani anamlipa mgeni wa kutoka mjini aje kijijini kwasababu hana kijana wa kumfundisha. Sisi mchonga vinyago ana watoto sita na wote wamekaa pale wanaangalia simu. Kule kuna mji Kamikatsu, Shikoku hukohuko, walikuwa wanalima machungwa, baridi kali ya 1981 ikaua miti, watu wakabaki mikono mitupu. 1986 wakaanza kuuza majani. Majani ya miti jamani, ya kupambia sahani kwenye mahoteli ya mjini! Wanaofanya hiyo kazi wengi ni mabibi wa miaka sabini na zaidi, asubuhi anaangalia oda kwenye tableti anatoka na mkasi wake. Na watu wakaanza kwenda Kamikatsu kuwaangalia hao mabibi. Nimeleta huu mfano kwasababu sisi tumeegemea korosho tu, bei ya mnada ikidondoka mwaka mmoja mkoa mzima unanuna. Wageni hawatachukua nafasi ya korosho hata siku moja, na wala sitaki wachukue, ila mwezi wa pili mwezi wa tatu ambao hela ya korosho imeshaisha na chakula kipya hakijaiva, hata familia tano zikipata wageni wawili wawili hiyo ni ada ya shule.

Kuna kijiji mkoa wa Yamanashi kinaitwa Kosuge, watu kama 700. 2019 walifungua nyumba kubwa ya zamani wakasema kijiji kizima ndo hoteli, yani mapokezi ni barabara, anayekupokea na gari ni mwanakijiji, anayekutembeza njia za shamba ni mwanakijiji, wasabi, kiungo chao kikali, unaokula umetoka kwa jirani. Mjukuu we una nyumba moja, usiifanye gesti. Ifanye chumba cha kulala tu, chakula kiwe kwa mama mwingine, kutembea kwa kijana mwingine, kuchonga kwa mzee mwingine, kila mmoja analipwa chake. Hapo hakuna atakayesema umejijengea kajigesti.

---

Babu_Mstaafu:

Hiyo nimeielewa. Lakini daftari lishikwe na mwanamke. Nimekaa kwenye vyama miaka mingi najua ninachosema.

---

BintiMikindani:

Hahaha babu umenikosha!

Mjukuu nijibu la maji maana hiyo ndo kazi yangu ya kila siku. Mgeni anayetaka bomba la mvua hatakuja Newala kulala kwa bibi yako, yule anabaki huku pwani. Anayekuja huko ndoo moja ya maji ya moto inamtosha ilimradi bafu lina mlango unaofunga, sakafu haitelezi na pana pa kutundika nguo zisilowe. Wageni hawanung'unikii ndoo, wananung'unikia choo. Choo cha shimo sio tatizo, weka mfuniko, majivu, karatasi, ndoo ya kunawia na sabuni nje, taa ya sola ya kumulika usiku. Chandarua kizima kisichotoboka. Maji ya kunywa ya dukani au ya kuchemsha wamwone mama anavyochemsha. Popo watoe kabla, na harufu yake isugue na chokaa upake upya, mgeni anavumilia mende ila popo hapana. Na mwambie ukweli kabla hajalipa, mwezi wa tisa maji ni haba, waeleze mnavyovuna mvua, kule kwetu kuna mgeni alimaliza nusu saa anapiga picha tenki la bati, kwao hajawahi kuona mtu anayejua maji yake yamebaki ndoo ngapi.

Kwenye kubangua korosho kuwa makini, yale mafuta ya ganda yanababua ngozi, mama atawapaka majivu mikononi kwanza kama wanavyofanya wenyewe, na waoneshe kidogo tu wasibangue kilo. Ming'oko ndo nzuri, kwenda porini na jembe kuchimba, kuchemsha, kula na chumvi na pilipili, hiyo nusu siku imeisha na hakuna aliyeumia. Uraka, ile pombe ya mabibo, wakija msimu wake waonje kidogo, nipa ile kali ya kuchemsha usiguse kabisa utaleta polisi.

---

Mjukuu_wa_Newala:

Nimesoma yote mara mbili mbili. Nimempigia mjomba wa Mbagala, ameuliza kwanza hela, nikamwambia ya kwanza itapaka chokaa na kuziba michirizi, akacheka akasema sawa ila jina la nyumba libaki la mama yake, hilo halina shida.

Nilivyopanga: niende kwa mwenyekiti na mtendaji kwanza kabla ya kupaka hata rangi, tukubaliane kwenye mkutano wa kijiji mambo ya kuandika, unyago hauuzwi, ardhi haiuzwi kwa jina la wageni, wageni wasizidi wanne kwa wakati mmoja kwa mwaka wa kwanza. Kisha halmashauri nikaulizie leseni na utaratibu wa kuandikisha mgeni wa nje. Mama mmoja jirani aliyekuwa mwalimu amekubali kushika daftari. Nilikuwa nimewaza nianze na wazungu ila nafikiria kuanza na watoto wetu wenyewe wa Dar, wamezaliwa Temeke Kimakonde hawajui, korosho wanaijua ya kwenye pakiti, waje likizo walale kwa bibi wa mwenzao, wakikosea wakiumwa na mbu ni ndugu zetu hatutashtakiwa mtandaoni. Bei bado sijajua, naona elfu thelathini kwa mtu na chakula kwa hao, wa nje ipande. Mnaonaje?

---

Kusini_Kavu:

Wa Dar ndo wazo la kwanza la maana kwenye huu uzi. Mi wanangu wawili wako Tabata mmoja darasa la sita mwingine la nne, bibi yao wa Newala walimwona kwenye picha. Elfu thelathini ni nyingi fanya ishirini na tano, ukiziba michirizi nitag.

---

BintiMikindani:

Kusini_Kavu umekuja kupinga umeondoka na bukingi 😂 Mjukuu usishushe, thelathini. Mama anayepika ataamka saa kumi na moja.